Mti Uitwao Kiziwi-Wewe

Don Gumercindo Ahuanari hakuwa na pua. Ya kupumulia alikuwa nayo, pana, imetulia usoni kama mtumbwi uliopanda mchangani. Ya kunusia miti ndiyo hakuwa nayo. Na kazi yake, kwa miaka kumi na tisa, ilikuwa kunusa miti.

Siri hiyo waliijua watu wawili: yeye na mkewe, Hermelinda. Hermelinda alifariki mwezi wa pili, maji ya mto yakiwa yamefika ngazi ya tatu ya nyumba. Baada ya hapo aliijua mmoja.

Mwezi wa saba maji yalishuka, na Daktari Arróspide akaja.

Pale kijijini Santa Filomena walimwita Daktari ingawa hakuwahi kumchoma mtu sindano. Mwaka wake wa kwanza mama mmoja alimpelekea mtoto anayekohoa. Daktari alimtazama mtoto, akatazama kijiti alichoshika mtoto, akachukua kijiti akaenda nacho. Ndipo watu wakajua ni daktari wa nini.

Kazi yake ilikuwa kujua miti. Inasemwa haraka, lakini katika msitu wa kule ukisimama mahali ukatema mate, mate yanapita aina tatu za miti kabla hayajafika chini. Alikuwa amepima kiwanja, mita mia kwa mita mia, na kila mti mnene kuliko paja la mtoto ukapigiliwa kibati chenye namba. Ilipatikana miti mia sita na kitu. Aina zilikuwa karibu mia tatu. Mingine ilikuwa peke yake, haina ndugu humo ndani. Na maua yake, ikiwa inayo, yako juu kabisa, wanayaona kima.

Kwa hiyo anahitajika mtu wa panga. Mtu wa panga analichana gome kidogo, ananusa, anatazama utomvu ni mweupe au mwekundu, anaonja akipenda, halafu anasema: huu ni fulani. Daktari anaandika. Don Artidoro, ambaye alimsimamia binti wa Gumercindo ubatizo, na kwa hiyo wakaitana kompadre na kusameheana mengi, anapanda na mkasi wa mpini mrefu, anaangusha tawi. Majani yanabanwa kati ya magazeti, yanakaushwa, yanapelekwa mjini kwenye nyumba yenye makabati yaliyojaa majani makavu tu. Huko ndiko kunakotafutwa jina la Kilatini. Lakini kwenye karatasi ya kila tawi kuna mstari unaosema: jina la wenyeji. Na chini yake: kwa mujibu wa Don Gumercindo Ahuanari.

Alipataje kazi hiyo? Alikuwa amesimama bandarini akiwa na panga kali. Hakuna zaidi ya hapo.

Siku ya kwanza alilichana gome la mti wa kwanza, akanusa. Ulinuka mti. Akanusa wa pili. Nao ulinuka mti. Wa tatu, vilevile. Daktari alikuwa amesimama na kalamu. Don Gumercindo akakunja uso.

"Mti huu," akasema, "unataka kulaliwa."

"Kulaliwa?"

"Jina lake nitakupa kesho."

Akakata kipande cha gome, akatia mfukoni. Jioni alifika nyumbani na mifuko imejaa kama mtu aliyeiba mhogo. Hermelinda alikuwa anakwangua samaki. Huyu alilelewa na bibi aliyekuwa akichuma dawa, na kabla hajajua kuhesabu alikuwa anajua magome. Akayanusa moja moja bila hata kufuta magamba mikononi.

"Hili mti-kasia. Hili mti-kobe. Hili la tumbo la watoto. Hili wamelikosea wote wanaoliita mti-kobe, siyo, mti-kobe hauchomi ulimi. Geuza hao samaki."

"Kwa nini usiende wewe kwa Daktari?" akamuuliza.

"Na chakula apike nani? Wewe? Uunguze maji?"

Basi. Miaka kumi na tisa ikaenda hivyo. Mchana yeye anachana magome, jioni mkewe anataja, asubuhi yeye anamwambia Daktari kwa sauti ya mtu aliyeota. Daktari aliandika kwenye daftari kwamba Don Gumercindo hupata majina usingizini. Alikuwa anapenda sana jambo hilo. Aliwahi kumletea wageni wawili kutoka ng'ambo waje kumtazama akiwa amelala kwenye machela yake ya kuning'inia. Alilala kweli, na alikoroma, na wageni waliandika.

Tabu ilikuwa siku ambazo nyumbani hakukuwa na amani.

Hermelinda hakuwa mwanamke wa kununa kimya. Akikasirika alikuwa anasema, na akisema alikuwa anafupisha. Siku moja Gumercindo alirudi kutoka mjini na kila kitu isipokuwa chumvi. Mfukoni alikuwa na gome.

"Hili je?" akauliza.

"Chumvi hukununua."

"Nimesikia. Gome je?"

"Nimekwambia. Chumvi hukununua."

Akampa mgongo. Asubuhi Daktari alikuwa amesimama na kalamu, akingoja. Kwenda mikono mitupu ilikuwa aibu. Don Gumercindo akakohoa.

"Chumvi-hukununua," akasema.

"Jina zuri," akasema Daktari, akaandika.

Akadhani yameisha. Lakini mwezi uliofuata walikutana na mti mwingine wa namna ileile, akapeleka gome nyumbani, amani ipo, samaki wapo, chumvi ipo. Hermelinda akanusa.

"Hili si nilishakwambia? Hili Chumvi-hukununua."

"Lile lilikuwa tusi, mama."

"Tusi lako, jina lake. Kwani utanisumbua na majina mawili?"

Ndivyo alivyokuwa. Hakusahau gome wala kosa, na akishavifunga pamoja havifunguki. Yakaingia daftarini Kuni-ziko-wapi, Vua-viatu, Umeanza-tena, Toka-jikoni, Sitaki-kusikia. Siku aliyorudi anapepesuka kutoka kunywa pombe ya mhogo na kompadre wake, liliingia Muulize-Artidoro. Daktari kweli akamuuliza Artidoro kwa nini mti una jina lake. Artidoro hakuwa na habari, lakini hakuwa mtu wa kuacha heshima ipite. Alisema ulivumbuliwa na babu yake, akieleza hata hali ya hewa ya siku ile.

Na lilikuwapo la Kiziwi-wewe. Siku hiyo Gumercindo alijiamini. Alifika nyumbani akasema, mke wangu, hili hata mimi nalijua, hili Chumvi-hukununua.

"Siyo," akasema Hermelinda.

"Ndilo. Rangi ileile, utomvu uleule."

"Siyo, nimesema. Nusa mwisho wake. Mwisho wake kuna kitu kama nyumba iliyofungwa siku nyingi."

"Mimi naona ni Chumvi-hukununua."

"Siyo! Kiziwi wewe!"

Likaandikwa.

Sasa, mwezi huo wa saba, Daktari alishuka bandarini akiwa na mzigo wa magazeti na uso unaong'aa. Alimpa pole ya msiba, vizuri, akimshika mkono kwa mikono miwili. Halafu akakaa naye kwenye ngazi.

"Don Gumercindo, unaukumbuka Kiziwi-wewe?"

"Naukumbuka."

"Sisi sote tulikuwa tunauita Chumvi-hukununua. Mjini wote. Majani yanafanana, huwezi kutofautisha. Wewe peke yako ulisema hapana, ni mwingine. Nikasema, mzee amekosea. Mwaka juzi Artidoro akapata ua lake. Ni mwingine kabisa. Haumo katika kitabu chochote duniani. Don Gumercindo, ni mti mpya."

"Mpya," akasema Don Gumercindo. Mti wenyewe ulikuwa mzee kuliko kanisa.

"Na mti mpya lazima upewe jina la Kilatini. Nimeupa lako. Gumercindoi." Akamwonyesha karatasi. "Jumapili nitawasomea watu majina yote ya daftari, wayahakikishe. Jumatatu boti ikishuka, karatasi hii inakwenda kuchapishwa. Ikishachapishwa haibadiliki tena. Hata mimi nikitaka. Miaka mia, miaka mia mbili, ni Gumercindoi."

Don Gumercindo alifurahi kwa urefu wa pumzi moja. Halafu akaisikia ile sauti jikoni: siyo, nimesema. Akaitazama karatasi. Kusoma hakujua, lakini jina lake alilijua kwa umbo, na lilikuwa limekaa pale ambapo halikupaswa kukaa.

"Umenyamaza," akasema Daktari.

"Nimefurahi," akasema.

Wakaingia kiwanjani. Kuna miti iliyokua tangu hesabu iliyopita, ikafikia unene wa kibati, nayo ilitaka majina. Alilichana gome la kwanza.

"Unataka kulaliwa," akasema.

Kesho yake Daktari akauliza: "Ule wa jana?"

"Bado haujaja."

Siku ya nne mfukoni kulikuwa na magome kumi na moja. Jioni, mkono wake ukiwa haujaambiwa, aliyapanga kwenye meza ya jiko, karibu na ubao wa samaki, kama kawaida. Akakaa. Baadaye akayakusanya akayarudisha mfukoni.

Artidoro alikuwa juu ya mti, amekumbatia shina kama mtu anayeaga, na alikuwa anapiga kelele.

"Kompadre! Umelala siku nne! Hata yule mnyama mvivu anayening'inia matawini ameamka!"

"Kata tawi, shuka."

"Nikishuka nikulalie wewe? Labda mimi nitaota!"

Ilibidi Don Gumercindo ajaribu pua nyingine. Alikwenda nyumba ya pili, kwa Doña Nieves, dada wa marehemu, aliyekuwa akisaga ndizi mbivu za kunywa. Akamnyooshea gome.

"Shemeji, hebu nusa hili."

Doña Nieves akaliangalia gome, akamwangalia yeye.

"Kwa nini?"

"Nusa tu."

"Pua ilikuwa ya dada. Mimi nilirithi mdomo." Akaacha kusaga. Ukweli ukamjia polepole, ukaonekana usoni ukipanda. "Subiri. Subiri kwanza. Yale magome aliyokuwa ananusa kila jioni. Nilidhani ni dawa ya mgongo wako!"

"Shemeji, sauti."

"Miaka yote! Wageni wa ng'ambo wakaja kukutazama ukikoroma! Na mimi nilikupikia kuku siku ile, kwa heshima!"

"Alikuwa kuku mzuri."

"Usiniletee kuku. Na sasa unafanya nini?"

Akamwambia habari ya mti mpya. Doña Nieves alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Kwa hiyo yeye kanusa, wewe unaitwa."

"Ndiyo."

"Na Jumatatu haibadiliki tena."

"Ndiyo."

"Mimi sisemi kitu," akasema Doña Nieves. "Nakwambia tu kwamba Jumapili nitakaa mbele."

Jumapili nyumba ya mikutano ilijaa. Wengi walikuja kwa sababu Daktari aliahidi soda. Doña Nieves alikaa mbele, amejifunga kitambaa kipya kichwani. Don Gumercindo aliwekewa kiti cha peke yake, pembeni ya Daktari, kama bwana harusi aliyechelewa kupatikana.

Daktari alivaa miwani akaeleza: atasoma jina, na maelezo aliyoyaandika, na wenyeji waseme ndiyo au siyo. Akaanza na mti-kasia. Ndiyo. Mti-kobe. Ndiyo. Wa tumbo la watoto. Ndiyo, wakasema akina mama, na mmoja akaeleza kiasi. Mambo yakaenda vizuri mpaka ukurasa wa tatu.

"Kuni-ziko-wapi," akasoma Daktari. "Maelezo: mti huu yawezekana ulikuwa kuni bora zamani, ukaisha kwa kukatwa, na jina linaonyesha majonzi ya wenyeji."

Mtu akasema, "Kuni ziko wapi?" na mwenzake akasema, "Nyuma ya nyumba," wakidhani wanaulizwa.

"Vua-viatu. Maelezo: yawezekana ni mti mtakatifu."

Nyuma mtu alicheka, akazuia.

"Toka-jikoni. Maelezo: moshi wake yawezekana una sumu."

Sasa akina mama walikuwa wanatazamana. Sauti hiyo waliijua. Ilikuwa ikipita ukuta wa mbao wa nyumba zao kila siku ya Mungu.

"Umeanza-tena," akasoma Daktari, na hakuelewa kwa nini watu wanajishika mbavu. "Maelezo: hutoa chipukizi haraka baada ya kukatwa. Umeanza-tena-mdogo. Ni jamii moja, ila majani madogo."

"Huo siku gani, Don Gume?" akapiga kelele mwanamke mmoja. "Siku ya karata?"

"Siku ya mbwa," akasema mwingine. "Nilikuwapo!"

"Chumvi-hukununua. Maelezo." Daktari akasafisha koo, haya yalikuwa marefu, kurasa mbili, na alijivunia. "Yawezekana mababu walipata chumvi katika majivu ya gome hili, hivyo hawakuhitaji kununua. Nimelionja mwenyewe mara kadhaa. Ladha ya chumvi ni hafifu, lakini ipo."

Hapo nyumba ikaanguka kwa kicheko. Watu walilia. Mzee mmoja alitolewa nje kwa kupaliwa na soda. Don Gumercindo alikaa kwenye kiti chake ameshika magoti. Wote walikuwa wanacheka na yeye alikuwa anamsikia mkewe, jina baada ya jina, kwa mdomo wa mtu wa mjini mwenye miwani, anayemtamka polepole na kwa makini kama alivyopaswa kutamkwa. Hakuwa amemsikia tangu mwezi wa pili.

Daktari akangoja wapumue. Akasoma la mwisho katika ukurasa huo, lililoingia mwaka uliopita.

"Kaa-kidogo-umechoka," akasema. "Maelezo: yawezekana una kivuli kizuri."

Watu wakacheka tena kwa mazoea, halafu wakaacha, mmoja mmoja, kwa kuwa hili halikuwa tusi. Don Gumercindo alikuwa anatazama mbao za sakafu. Mwaka ule Hermelinda alikuwa tayari hawezi kusimama jikoni muda mrefu. Aliyechoka alikuwa yeye.

"Na sasa," akasema Daktari, akifurahi kuona utulivu, "Kiziwi-wewe." Akawaeleza habari ya mti mpya, na kitabu, na Kilatini. Akaeleza kwamba mtu mmoja tu, kwa pua yake, alijua kabla ya wenye vyeti wote. Akamgeukia. "Na kuanzia Jumatatu mti huo dunia nzima utaitwa kwa jina la Don Gumercindo."

Watu wakapiga makofi. Doña Nieves hakupiga. Alikuwa anamtazama shemeji yake, mikono mapajani, na mdomo, kwa mara ya kwanza anayoikumbuka mtu yeyote, umefungwa.

Don Gumercindo akasimama.

"Daktari. Hilo jina usiliandike."

"Usione haya, Don Gumercindo. Unastahili."

"Sistahili. Mimi pua sina."

Watu wote wakatazama pua yake.

"Unayo, kompadre," akasema Artidoro. "Mimi naiona hata nikiwa juu ya mti."

"Ya kunusia sina. Kwangu miti yote inanuka mti. Aliyekuwa ananusa ni Hermelinda. Nilikuwa nampelekea magome mfukoni. Alikuwa anataja, mimi nakuja kusema."

Daktari alivua miwani.

"Na kule kulalia?"

"Nilikuwa nalala tu."

"Na Chumvi-hukununua?"

"Sikununua chumvi, Daktari."

Hakuna aliyecheka, kwa jinsi uso wa Daktari ulivyokuwa.

"Kuni-ziko-wapi?"

"Sikuleta."

"Muulize-Artidoro?" Akamgeukia Artidoro. "Na babu yako je, na ile mvua iliyonyesha upande mmoja wa mto?"

Artidoro alikuwa anakagua paa.

"Miaka kumi na tisa," akasema Daktari, taratibu. "Nimelilamba gome lile, Don Gumercindo. Nimewalambisha na wanafunzi."

Akafunga daftari akatoka. Soda zikabaki kwenye ndoo, na kwa kuwa hakuna aliyejua kama bado zinaruhusiwa, zikanywewa haraka.

Jumatatu kulipopambazuka Artidoro alikuja kumwita. Boti ilikuwa ishuke saa sita. Don Gumercindo alivaa shati safi, kama anayekwenda kukabidhi panga. Alikuwa ameshafikiri atalima mihogo tu, na mihogo hainuswi.

Daktari alikuwa kwenye meza ya banda lake, magazeti yamefunguliwa kila mahali, majani hadi kitandani. Tangu jana hakuonekana kula.

"Kaa," akasema. Akakaa. "Majina ya ugomvi ni arobaini na moja. Nilitaka kuyafuta yote. Kabla ya kufuta nikasema niyafuatilie, nione uharibifu ni mkubwa kiasi gani. Chumvi-hukununua limetajwa mara kumi na nne, miti kumi na nne, miaka kumi na moja. Unajua ni aina ngapi?"

"Sijui."

"Moja. Vua-viatu, mara tisa, aina moja. Toka-jikoni, moja. Umeanza-tena na Umeanza-tena-mdogo, mjini walikuwa wanaziweka kabati moja, mwaka jana wakazitenganisha, na mpaka wao ni uleule wake." Alipiga meza kwa kiganja, si kwa hasira, au si kwa hasira tu. "Hakuna jina hata moja lililorukia mti mwingine. Hata moja! Mimi mwenyewe nimechanganya mara sita. Profesa wangu, Mungu amrehemu, mara ishirini."

"Alikuwa hasahau," akasema Don Gumercindo.

"Alikuwa anakwangua samaki!"

"Ndiyo. Na samaki hakuwa anawasahau."

Daktari akavaa miwani, akavuta ile karatasi.

"Wewe umenidanganya," akasema, "na bado sijamaliza kukukasirikia. Nitaendelea mwaka mzima. Lakini mti hauna kosa. Jina lake kamili marehemu?"

"Hermelinda Pacaya Tamani."

"Kazi yake?"

"Kwenye karatasi ipo hiyo?"

"Nataka iwepo. Alikuwa akifanya kazi gani?"

Don Gumercindo alifikiri. Kupika alipika, kulima alilima, kuzaa alizaa.

"Kunisahihisha," akasema.

Daktari hakucheka. Aliandika kitu, kirefu kuliko neno hilo. Halafu akakata Gumercindoi kwa mstari mmoja, akaandika jingine juu yake, akaigeuza karatasi aone. Don Gumercindo akafuata kwa kidole. Jina la mkewe alilijua kwa umbo pia. Alikuwa ameliona limechongwa msalabani.

"Mwisho siyo wake," akasema. "Hapa umeongeza."

"Hermelindae. Ni Kilatini. Mwanamume humalizikia i, herufi moja, mwanamke ae, mbili."

Don Gumercindo akazitazama hizo mbili.

"Basi hata huko," akasema, "kauli ya mwisho ni yake."

Akatoa yale magome kumi na moja mfukoni akayaweka mezani. "Haya hakuyaona," akasema. Daktari akayapokea. Kwenye mstari wa jina la wenyeji akachora kistari, akahama karatasi, akachora kingine. Don Gumercindo alisimama akitazama mpaka cha kumi na moja.

Saa sita boti ilipita. Karatasi iliingia ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya shati la nahodha. Nusu ya kijiji ilikuwa bandarini. Artidoro alikuwa anamweleza nahodha jinsi yeye alivyopata ua. Doña Nieves alikuwa amesimama kwenye ngazi ya juu.

"Limekwenda?" akauliza.

"Limekwenda."

"La dada?"

"La dada yako."

"Mti wenyewe ukoje? Mrefu?"

"Mfupi kidogo. Umenyooka."

"Una miiba?"

"Hauna."

"Basi wamekosea mti," akasema Doña Nieves, akaanza kucheka, na kicheko kikaendelea mpaka kikabadilika, na hakuwa na kitambaa cha kujifutia zaidi ya kile kipya cha kichwani. Don Gumercindo alimshika mkono wakapanda pamoja, kwa sababu matope yalikuwa yanateleza.